Kikohozi Nyuma ya Pazia

Kila Jumamosi saa saba mchana king'ora cha kiwanda cha misumari kule Baba Dogo kililia, na kabla hakijanyamaza Wekulo alikuwa ameshavuka lango. Hakubadilisha nguo. Alitoka na ovaroli lake lenye grisi, gunia limekunjwa kwapani, bisibisi ndogo mfukoni, akashika njia kwa miguu kama mtu aliyeitwa mahali na tayari amechelewa.

"Fundi!" mwenzake mmoja alimpigia kelele Jumamosi moja kutoka kwenye bomba la kunawia. "Leo unaenda kununua la marehemu gani?"

Wengine wakacheka. Wekulo aliinua mkono bila kugeuka. Lakini maneno yale yalimfuata njia nzima hadi Mathare, na hata alipovuka mto yalikuwa bado nyuma yake.

Alikuwa na magitaa kumi na moja. Magitaa ya umeme, yote ya zamani, yote kayapata kwa bei ya kutupa. Manne yalining'inia ukutani katika nyumba yake ya vyumba viwili pale Kaloleni, sita yalilala chini ya kitanda yamefungwa kwa mablanketi makuukuu, na moja lilikaa juu ya kabati, mahali ambapo mkewe Nasike alizoea kuweka sufuria za wageni.

"Baba Nerima," Nasike alimwambia siku alipolileta hilo la kabatini, "wanaume wengine huleta wanawake nyumbani. Wewe unaleta mbao. Sijui nishukuru au nilie."

"Shukuru. Mbao hazili."

"Hazili, ndiyo. Lakini zinalala kitandani kwangu zaidi kuliko wewe."

Hapo alisema kweli. Wekulo alikuwa halali vizuri. Aliamka, akakaa, akalala tena, akaamka. Mchana hakuweza kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa; alikunywa amesimama mlangoni, macho barabarani.

Mwaka ule wa themanini na nne ulimfaa mtu mwenye ugonjwa kama wake. Disko ilikuwa imezimeza bendi. Ukumbi uliokuwa na wapigaji wanane jukwaani sasa ulikuwa na kijana mmoja na masahani yake ya santuri. Wapigaji walikuwa wamegeuka walinzi, makarani na wauza mitumba, na magitaa yao yakaingia chini ya vitanda. Kisha shida zilipobisha hodi, yakaanza kutoka moja moja. Wekulo alijua yatokeapo. Alijua mabanda ya Gikomba ambako gitaa huuzwa pamoja na pasi mbovu. Alimjua mchungaji mmoja wa Makadara aliyekuwa na mawili stoo kwa sababu waumini walisema sauti ya gitaa ni ya baa. Alijua familia za Kihindi za Pangani zilizokuwa zikifunga masanduku kwenda Uingereza, ambazo ukifika siku ya mwisho, watakupa hata kwa shukrani.

Na alijua namna ya kununua. Usionekane mpigaji, hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake kubwa. Ndiyo maana ya ovaroli na gunia. Akikabidhiwa gitaa hakulipakata. Alilishika shingoni kama kuku wa sokoni, akalitazama huku na huku kwa uso wa mtu aliyeonja chai isiyo na sukari, ndipo akaanza kulisema. Mbao imepinda. Nyaya za ndani zimekufa. Spea zake haziji tena nchi hii. Mwenye gitaa, ambaye pengine alikuwa hajalitazama miaka mitatu, alianza kuliona kwa macho ya Wekulo, akaona haya kuwa nalo, na bei ikashuka yenyewe. Kisha Wekulo alilitia guniani, akaenda nalo nyumbani, akalifungua kwenye meza ya kulia, akalisafisha, akatengeneza kila kilichoharibika mpaka likaimba. Halafu akalitundika. Hakulipiga tena.

Kwa sababu Wekulo alikuwa akitafuta gitaa moja tu, na hayo kumi na moja hayakuwa hilo.

Lilikuwa gitaa la kaka yake, Patrobas. Hofner ya Kijerumani, rangi ya asali katikati na nyeusi pembeni kama kitu kilichoungua kidogo jikoni. Patrobas alilipiga solo miaka tisa katika bendi iliyofanya mazoezi yake katika ukumbi wa Kaloleni, na Wekulo, mdogo wake, alikaa ubavuni mwake akipiga ridhimu. Mwaka wa sabini na nne spika iliangukia gitaa lile likavunjika shingo. Wekulo alilichukua, akakata bamba la shaba kutoka kwenye mabaki ya kiwandani, akaliunga shingo kwa skrubu tatu. Skrubu ya tatu ilikaa upande kwa sababu drili iliteleza. Patrobas alicheka sana. Alisema sasa lina kengeza kama mjomba wao.

Kisha ikaja sabini na tisa. Patrobas alianza kukohoa mwezi wa pili, na mwezi wa tatu wakampeleka kwao Kimilili kumzika. Wekulo alikaa kule siku zote za matanga, akanyolewa pamoja na ndugu zake, akakaa na wazee mpaka maneno yote ya marehemu yalipokwisha. Aliporudi Nairobi, kiongozi wa bendi alikuwa ameuza vyombo vyote kwa mkupuo, la Patrobas likiwamo. Kwa nani? Kiongozi alikuna kichwa. Mtu mmoja hivi, wa River Road, aliyekuwa na gari la kijani.

"Ungeningoja," Wekulo alimwambia.

"Ningekungoja vipi, bwana, na wewe ulikuwa kwenye kilio?"

Tangu siku hiyo Wekulo hakutulia mahali pamoja. Miaka mitano alishika kila gitaa la zamani aliloonyeshwa, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kupitisha kidole gumba nyuma ya shingo, palipo na maungio, kutafuta shaba. Asipoipata, angeweza kuondoka. Lakini hakuondoka. Kuna kitu kingine kilikuwa kimemwingia ambacho hakupenda kukitaja hata moyoni: ule utamu wa kuona bei ikianguka mbele yake. Ulimtuliza kwa nusu saa. Kisha miguu ilianza kumwasha tena.

*

Habari aliipata kwa Nahashon, fundi wa redio wa Shauri Moyo. Kibanda cha Nahashon kilijaa matumbo ya redio na amplifaya, na kwa kuwa watu hawauzi gitaa kabla hawajauza amplifaya yake, yeye ndiye aliyejua mapema nani anaelekea kuuza nini.

"Niaje, daktari wa mbao," Nahashon alisema bila kuinua macho kwenye waya aliokuwa akiuchoma. "Kaa."

"Sikai. Sema."

"Wewe utazikwa umesimama. Haya. Unamjua Idarusi, yule fundi cherehani wa Pumwani? Alikuwa akipiga kwenye harusi zao."

"Nimemsikia."

"Amefariki, wiki ya tatu sasa. Jana ndugu yake aliniletea amplifaya. Nikamwuliza gitaa je, akasema lipo, anataka litoke. La rangi ya asali, anasema, limeungwa kwa chuma."

Wekulo alikuwa tayari ameshatoka kibandani. Nahashon alimwita mara mbili, akaacha.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zile za zamani za Pumwani, paa la mabati mekundu kwa kutu, ukumbi mrefu katikati na vyumba kushoto na kulia. Ndugu wa marehemu, Abdurahim, alimpokea barazani. Alikuwa mtu wa haraka haraka, anayevuta ndevu zake kila akimaliza sentensi.

"Hodi wenyewe. Poleni kwa msiba."

"Tushapoa, ndugu yangu, kazi ya Mungu. Karibu ukumbini. Umetoka kwa yule fundi wa redio? Basi ngoja nikutolee."

Wekulo alisimama ukumbini. Chumba cha mwisho kulia kilikuwa na pazia zito la maua ya buluu lililofika mpaka chini. Abdurahim aliingia chumba kingine akarudi na gitaa mikononi, na Wekulo hakuhitaji kupitisha kidole. Aliiona shaba. Aliona skrubu tatu, na ya tatu ikimtazama kwa kengeza.

Mtu mwingine angelia pale. Mtu mwingine angesema: ndugu yangu, hili ni la kaka yangu, taja bei yoyote. Wekulo alifungua mdomo, na kilichotoka ndicho alichokuwa amekizoea kwa miaka mitano. Alilishika shingoni kama kuku.

"Mm," alisema. "Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Mbao imeoza hii. Nusa. Unasikia?"

Nyuma ya pazia la buluu mtu alikohoa.

"Na shingo," Wekulo aliendelea, na alisikia sauti yake ikienda yenyewe, laini, ya dharau kidogo, "shingo ilivunjika ikaungwa na mlevi gani sijui. Hata skrubu hakujua kupiga."

Kikohozi kilikuja tena, kikavu, cha karibu zaidi na pazia.

"Nani huyo?" Wekulo aliuliza.

"Ah, mke wa marehemu. Usimjali."

"Mama mwenyewe amekubali liuzwe?" Aliuliza kwa sauti, makusudi, ili asikike mpaka ndani.

Kimya. Abdurahim alivuta ndevu. Kwao Wekulo mjane hukaa uani mbele ya watu wote, na kama kuna jambo asilolitaka atalitangaza kijiji kizima kisikie. Hakuna wa kumfunga mdomo siku hizo. Wekulo alingoja pumzi mbili tatu. Kimya kile alikihesabu kuwa ni ndiyo.

"Hili ni kuni, bwana," alimaliza. "Nalichukua kwa ajili ya hivi vyuma tu."

Kikohozi cha tatu kilikuwa kirefu, na mwisho wake kilikuwa karibu kuwa kitu kingine. Lakini hapo Abdurahim alikuwa tayari amekubali shilingi mia na hamsini, na Wekulo alikuwa akilitia guniani. Kwa miguu alifika Kaloleni kabla jasho la mkono wa Abdurahim halijamkauka kiganjani.

*

Alidhani angelala usiku ule. Aligaagaa mpaka kitanda kikamchoka. Jumapili aliliweka gitaa mezani, akafanya kama afanyavyo siku zote: alitoa nyuzi za zamani, akazikunja duara, akazitia kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo alimoweka nyuzi zote za magitaa yake, akafunga mpya. Kisha akalitazama kwa macho ya kazi yake, macho ya mtu anayejua chuma.

Vile vyuma vidogo vya shingoni ambavyo nyuzi hukandamizwa juu yake vilikuwa vimelika. Chini, karibu na kichwa cha gitaa, palikuwa pamelika kwa upana, bila kina. Hapo alivijua vidole vya Patrobas. Patrobas alikuwa na vidole vinene na alipenda kukaa huko chini, akitembea taratibu. Lakini juu, karibu na tumbo la gitaa, palikuwa na vishimo vingine, vyembamba, vyenye kina, vipya. Patrobas hakuwahi kupanda huko. Huko alikuwa ameishi mtu mwingine. Miaka mitano, kila siku, kwa vidole vyembamba vya kushika sindano.

Gitaa lililolika hivyo hutengenezwa kwa kung'oa vyuma vyote na kupiga vipya. Wekulo alikuwa ameshayafanyia hivyo magitaa saba. Alichukua koleo. Akaliweka. Akalichukua tena. Akitoa vya huyu atakuwa ametoa na vya yule.

"Umelipata," Nasike alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la mchele anachambua. Alilijua gitaa lile. Alikuwa amecheza dansi kwa sauti yake akiwa msichana. "Ndilo."

"Ndilo."

"Mbona basi uso wako kama wa mtu aliyefukuzwa kazi?"

Akamweleza. Alieleza ovyo, akianzia mwisho, na alipofika kwenye pazia na kikohozi Nasike aliacha kuchambua mchele.

"Baba Nerima. Umekaa Nairobi miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na hujui eda? Mke aliyefiwa, kwa hao wenzetu, hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki. Na huyo mama, naona kwao wanashika sana dini, hata sauti yake haimwendei mwanamume wa nje. Mama Mursal hapa jirani alikaa hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji. Ulimwuliza mtu swali huku mdomo wake umefungwa, halafu ukasema amekubali?"

"Alikohoa tu."

"Sasa ulitaka afanye nini kingine?" Nasike alisema. "Hiyo ndiyo sauti aliyobakiwa nayo."

Kilichomkaa Wekulo moyoni hakikuwa kutojua. Eda hakuijua, kweli. Lakini alikuwa amemzika mtu wa kifua. Kikohozi cha ugonjwa alikijua kilivyo, alikisikiliza mwezi mzima kupitia ukuta wa chumba cha kaka yake. Kile cha Pumwani hakikuwa cha kifua. Alikijua tangu cha kwanza. Ndiyo maana baada ya cha pili aliharakisha.

Alitaka kulirudisha kesho yake, lakini alirudishe kwa nani? Kwa Abdurahim? Angeliuza tena kabla ya magharibi, safari hii kwa mtu wa gari la kijani. Mwenyewe haonekani wala hasemi. Ikabidi angoje. Na katika mambo yote ya dunia, kungoja ndiko Wekulo alikokuwa hakuwezi.

Alimwuliza Mama Mursal, akahesabiwa siku: mwanzo wa mwezi wa tisa. Miezi ile gitaa alilolitafuta miaka mitano lilikaa nyumbani kwake kama mgeni mwenye tikiti ya kuondoka. Hakulitundika. Hakulipiga. Wakati mwingine alilifungua blanketi akaweka vidole vyake juu ya mahali pa Patrobas, bila kukandamiza, akafunga tena. Jumamosi zilipofika alitoka Baba Dogo na gunia kwapani kama kawaida, akapita Mathare, akapita Eastleigh, akafika Pumwani, akazunguka ile nyumba ya mabati mekundu kwa mbali, akaenda zake. Nahashon alimwambia kuna la Kiitaliano huko Jericho, zuri, la bure kabisa. Hakwenda.

"Unaumwa?" Nahashon aliuliza.

"Kidogo."

"Bora. Nilidhani umeokoka."

Kuna siku alisema moyoni: na mimi je, nilirudishiwa? Nani aliningoja nitoke kwenye kilio? Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, akatembea nayo kuanzia Juja Road hadi mzunguko wa soko. Hapo ikamwangukia. Maana kila alipoitazama, yule kiongozi wa bendi aliyekuwa akikuna kichwa alikuwa amevaa ovaroli lenye grisi.

*

Jumamosi ya kwanza ya Septemba, siku ambayo Nasike alikuwa kwenye foleni ya unga wa njano wa msaada wa njaa tangu alfajiri, Wekulo aliomba ruhusa kazini. Alioga, akavaa shati la kanisani, akalitia gitaa katika gunia kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kulitilia. Alipofika alimkuta bibi mmoja mzee amekaa kwenye baraza akisuka ukili wa mkeka.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Bi Mgeni, shangazi wa mwenye nyumba. Wamtafuta nani?"

"Namtafuta mke wa marehemu Idarusi. Kama ameshatoka eda."

"Ametolewa juzi." Bi Mgeni alilitazama gunia, kisha uso wake. "Ni wewe," alisema polepole. "Mwenye gunia. Kadija! Njoo huku! Yule wako amekuja!"

Mwanamke aliyetoka alikuwa mrefu kuliko Wekulo alivyomfikiria, amejifunga leso mbili, uso umesafika kama wa mtu aliyelala ndani siku nyingi. Alikaa karibu na Bi Mgeni. Hakumkaribisha wala hakumfukuza.

"Sikuijua sura yako," alisema. "Sauti ninaijua. Sema kitu."

"Nimelirudisha, dada."

"Eeh. Ndiyo hiyo." Alimgeukia Bi Mgeni. "Ndiyo iliyosema ni kuni." Kisha kwake: "Nilikohoa mara tatu."

"Nilisikia."

"Ulidhani nina mafua?"

Wekulo alitaka kusema ndiyo. Ingemtosha, na wangemwachia. "Hapana," alisema. "Nilijua ni cha kukataa. Nikafanya haraka."

Bi Mgeni aliacha kusuka. Barabarani mtu alipita na mkokoteni, na wote watatu walingoja kelele zake ziishe.

"Litoe," Kadija alisema.

Akalitoa. Safari hii alilibeba kwa mikono miwili.

"Ulisema mbao imeoza. Imeoza?"

"Haijaoza. Nina mengine kumi na moja, hakuna lenye mbao kama hii."

"Ulisema linanuka."

"Linanuka nta na mafuta ya cherehani. Harufu nzuri."

"Ulisema ni la kuchukuliwa kwa ajili ya vyuma."

"Vyuma vyenyewe vimelika. Mtu akilinunua kwa vyuma atakuwa ametupa pesa." Akaelekeza kidole shingoni mwa gitaa. "Vimelika mahali pawili. Hapa chini na hapa juu. Juu ni mumeo."

Kadija aliinama akatazama vile vishimo vyembamba. Alitaka kugusa, akarudisha mkono.

"Na hapa?" alisema, akionyesha shaba. "Hapa ulisema palitiwa mkono na mlevi gani sijui."

"Mlevi ni mimi."

Bi Mgeni alicheka kwa ghafla, akajiziba mdomo kwa ukili. Hata Kadija midomo ilimchezacheza.

"Mwaka wa sabini na nne," Wekulo alisema. "Drili iliteleza. Lilikuwa la kaka yangu, huko chini ni yeye. Alikufa, na nilipokuwa kwenye kilio wakaliuza. Nimelitafuta tangu hapo. Siku ile nililiona, na badala ya kusema hivyo nikasema yale."

Kadija alikaa kimya muda mrefu. Lakini sasa Wekulo hakukijaza kimya chake kwa jibu alilolitaka yeye.

"Kaka yako aliitwa nani?"

"Patrobas."

"Patrobas," alirudia, kama mtu anayejaribu kiatu. "Sisi tulimwita Mwenyewe. Idarusi alilipata River Road, kwa mtu asiyejua lilikotoka. Lakini ile shaba ilimwambia kuna mtu alilipenda kabla yake. Akikosea wimbo jioni, alikuwa akisema: leo Mwenyewe amenuna. Akipiga vizuri aliniuliza: Kadija, umemsikia Mwenyewe anavyocheka?" Akafuta pua kwa ncha ya leso. "Miaka mitano nimeishi na ndugu yako ndani ya nyumba hii na simjui jina."

Wekulo aligeuza uso akatazama barabara, ingawa mkokoteni ulikuwa umeshapita zamani. Miaka mitano alikuwa amezunguka Nairobi yote akidhani ni yeye peke yake anayemtaja.

"Pesa zako mdai Abdurahim," Kadija alisema. "Mimi sina."

"Sidai mtu."

"Vizuri. Hayumo mjini hata hivyo, ametukimbia." Akalipakata gitaa kwa namna ya mtu asiyejua kupiga lakini amelipanguza vumbi mara nyingi. Akapitisha kidole juu ya nyuzi, akakunja uso. "Hizi si zake. Za Idarusi zilikuwa zimefifia, zina weusi wa vidole vyake. Ziko wapi?"

"Nilizitoa. Huwa ninabadilisha." Akaongeza haraka: "Sikuzitupa. Ziko nyumbani kwenye kopo."

"Basi kaniletee. Uje uzifunge mwenyewe, kama zilivyokuwa, mimi sijui." Kisha, alipokuwa tayari ameshateremka barazani: "Kaka! Ukija usije na gunia."

Aliondoka na gunia tupu mkononi. Bila uzito wowote lilimsumbua kulibeba, akalikunja, akalikunjua, mwisho akalitundika kwenye ua wa mtu karibu na Shauri Moyo na kuliacha hapo. Nasike alimkuta amepiga magoti sakafuni, kopo la Kimbo limemwagwa, nyuzi za magitaa kumi na mawili zimejiviringisha kila mahali kama nywele baada ya kunyoa.

"Umempa?" aliuliza, akiweka chini kifuko chake cha unga wa njano.

"Nimempa."

"Sasa unatafuta nini tena?"

"Nyuzi za marehemu," Wekulo alisema. Alichukua moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama palipo na weusi, akaiweka kando, akachukua nyingine. Nasike alitandika leso yake sakafuni, akakaa naye, akaanza kumtenganishia zilizofungamana.